Binti Yairo na Binti Zetu

Somo: Marko 5:21-24 na 35-43



Habari ya binti Yairo twaijua sote tangu utoto. Watoto wa Shule ya Jumapili huipenda sana, na wakisikia yale maneno ya Kiaramu, Talitha kumi, wako wanaodhani kwamba Bwana alikuwa akihesabu, mpaka mwalimu awaeleze kuwa kumi ya hapo si hesabu, bali ni neno la kumwamuru mtu ainuke. Lakini jambo lililozoewa ndilo lisomwalo upesi. Mwezi huu twawaomba mlisome somo hili polepole, maana mwishoni mwake limo agizo dogo ambalo sisi wenyewe tumelipita mara nyingi bila kuliona.

Kwanza mtazameni baba. Yairo alikuwa mmoja wa wakuu wa sinagogi, yaani nyumba ya kusomea torati, na mkuu wa nyumba hiyo ndiye aliyesimamia ibada na utaratibu wake. Tukitafuta mtu wa namna yake kwetu, tutamwona mzee wa usharika aketiye benchi la mbele, ambaye akisema barazani wengine hunyamaza. Mtu huyo alikuja mbele ya mkutano mkubwa, akaanguka miguuni pa Yesu, akamsihi sana. Kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya mwana wa kiume atakayeshika shamba na jina la ukoo. Ni kwa ajili ya msichana. Luka naye atuambia kwamba ndiye mtoto wake wa pekee, na umri wake ulikuwa kama miaka 12 (Luka 8:42). Twawajua wazee wengi walio hodari wa kusema juu ya bati la kanisa, na juu ya mipaka ya kiwanja, na juu ya kengele iliyopasuka. Hatukumbuki kuona wengi waliopiga magoti mbele za watu kwa ajili ya binti.

Miaka 12! Kwetu mtoto wa umri huo yu darasa la sita au la saba. Ndio umri ambao mwili wake waanza kubadilika, na walio nyumbani waanza kumtazama kwa macho mengine. Huyu aona mahari. Yule aona mikono ya kuchota maji na mgongo wa kubebea wadogo zake. Kaka yake aliyezaliwa mwaka mmoja kabla yake hapati kutazamwa hivyo. Yeye huulizwa tu amepata alama ngapi.

Katika nchi ya Afghanistan umri huo umefanywa kuwa mlango wa kufungwa. Watawala walioitwaa nchi ile mwezi wa Agosti 2021 waliwaachia wasichana darasa la sita tu, na sekondari wakawafungulia wavulana peke yao. Tarehe 23 Machi 2022 ilikuwa imetangazwa kwamba wasichana nao watarudi. Wakaja asubuhi na madaftari yao, wakaketi, na siku ile ile wakaambiwa watoke warudi nyumbani. Mwezi wa Desemba mwaka uo huo vyuo vikuu navyo vikafungwa kwa wanawake. Twasoma habari hizo, twatikisa kichwa, twasema, Ole wao watu wale wa mbali, hawamjui Mungu. Ndugu, tusiwe wepesi wa kutikisa kichwa.

Maana Yairo alipokuwa bado njiani na Bwana, walikuja watu kutoka nyumbani kwake, wakamwambia kwamba binti amekwisha kufa, basi haifai kumsumbua Mwalimu zaidi. Neno hilo la kukata tamaa twalisema hata sasa, tena kwa Kiswahili kizuri. Msichana wa shule akionekana ana mimba, twasema, Huyo amekwisha. Twasema, Amejimaliza mwenyewe. Wala hatumsumbui Mwalimu tena, wala mwalimu wa shule.

Katika nchi yetu ya Tanzania neno hilo halikuwa la midomo tu. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa juu ya maadili au kwa kuingia katika ndoa, na mimba ikahesabiwa kuwa kosa la namna hiyo. Mwezi wa Juni 2017 likatamkwa hadharani na mkuu wa nchi kwamba msichana aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Ndipo mwezi wa Novemba 2021 Serikali ikaligeuza neno hilo, ikatangaza kwamba aliyezaa aweza kurudi darasani na wenzake. Hata katika habari ya ndoa mambo yalikuwa yakisogea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, hali mvulana alingoja miaka 18. Mwanamke kijana, Rebeca Gyumi, alilipeleka jambo hilo mahakamani; Mahakama Kuu ikakubali hoja yake mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu ile mwaka 2019. Twamshukuru Mungu kwa haya. Lakini twajiuliza, mambo hayo yalipokuwa yakibishaniwa, sauti ya sharika zetu ilisikika wapi?

Sisi hujiita Walutheri, basi inatupasa kukumbuka Luther alifanya nini katika jambo hili. Mwaka 1520, alipowaandikia wakuu wa Ujerumani, alitamani kila mji uwe na shule ya wasichana, wapate kusikia Injili kila siku. Mwaka 1524 akawaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani wajenge shule na kuzitunza, akasema wazi kwamba wavulana na wasichana wote wawili wafundishwe, maana hata kama hapangekuwa na habari ya roho, dunia yenyewe yahitaji wanaume wajuao kutawala nchi na wanawake wajuao kutawala nyumba. Wazazi wa siku zile walikuwa na udhuru uleule tunaousikia vijijini kwetu, kwamba binti ana kazi nyumbani. Luther akajibu kwamba msichana mwenye kazi hakosi saa moja kwa siku ya kwenda shule. Saa moja ni haba, wala hatutaki kumsifu kupita haki. Lakini hakuishia kwenye kuandika. Mwaka 1527 alimwita Else von Kanitz, aliyekuwa mtawa zamani, aje Wittenberg awafundishe wasichana, akamwahidi kumkaribisha nyumbani mwake na mezani pake. Angalieni hilo la meza, tutalirudia.

Waliomfuata nao hawakukaa bure. Mchungaji Theodor Fliedner wa Kaiserswerth aliwapeleka madiakonisa Yerusalemu mwaka 1851, nao wakaanza kuwatunza na kuwafundisha wasichana Waarabu. Nyumba waliyojengewa mwaka 1868 iliitwa Talitha Kumi, kwa somo letu hili hili, na shule ya jina hilo ingaliko Beit Jala, karibu na Bethlehemu. Kwetu nako, huko Monduli, Kanisa letu lilifungua mwaka 1995 shule ya sekondari kwa ajili ya binti za Wamasai, ambao wengi wao wangalikuwa wameozwa. Kazi hizo ni njema. Ila mtu aweza kuitaja shule ya kanisa katika hotuba, na papo hapo akamwachisha binti yake masomo.

Sasa twende mpaka nyumbani kwa Yairo. Bwana aliwakuta watu wakilia na kupiga kelele za msiba. Akawaambia kwamba mtoto hakufa, amelala tu. Wakamcheka. Waliokuwa wakilia ndio waliocheka. Machozi yao hayakuwa na mizizi. Naye Bwana akawatoa nje wote, akamchukua baba na mama na wanafunzi watatu, akaingia alimolala mtoto. Hapa tusimameni kidogo. Nyumbani mle mlikuwa na binti aliyekwisha kuhesabiwa kuwa mfu, ambaye kwa torati maiti yake ni najisi, tena mlikuwa na watu wazima wenye dhihaka. Bwana alipotaka kutoa mtu nje, aliwatoa wenye dhihaka. Binti akamshika mkono.

Sisi tulifanya kinyume. Si neno la fumbo tunalosema, ni habari iliyotukia, nasi tulikuwapo.

Ilikuwa mwaka 2019, katika usharika mmoja ambao hatutautaja. Palikuwa na binti wa kidato cha pili aliyekwisha kupata kipaimara, msomaji mzuri, ndiye aliyekuwa akisoma somo la pili siku za sikukuu. Akaonekana ana mimba. Shule ikamfukuza, na baada ya juma moja habari zikaletwa barazani. Mzee mmoja akasoma jina lake, na wote wakakubali atengwe. Mzee mwingine, mtu mpole asiyezoea kusema, akauliza habari za yule kijana. Maana kijana alijulikana, ni wa nyumba yenye heshima, na aliimba katika kwaya. Akajibiwa kwamba hakuna ushuhuda, na kwamba jambo la kijana litatazamwa siku nyingine. Chai ikaletwa. Sisi tuandikao haya tulikuwa tumeketi katika baraza lile, hatukufungua kinywa. Tulikunywa chai, tukaagana. Jumapili jina la binti likasomwa mbele ya usharika, na mama mmoja katika benchi la nyuma akacheka.

Wapendwa, msidhani twasema kwamba dhambi si dhambi. Amri ya sita ni amri ya Mungu, na usharika usio na maonyo ni kama boma lisilo na lango. Lakini onyo linalomshika mmoja na kumpita mwenzake si onyo, ni upendeleo, na Mungu anauchukia. Tena ni lazima tuseme wazi jambo linalosemwa kwa kunong'ona: mara nyingi binti hakutenda, alitendewa. Mwenye pikipiki aliyempakia akiwa amechoka na mwendo, mwenye duka aliyempa kalamu kwa mkopo, ndugu wa nyumbani aliyeachiwa nyumba, hata mwalimu. Sheria ya Elimu iliyorekebishwa mwaka 2016 yamtisha kifungo cha miaka 30 mtu ampaye mimba mwanafunzi. Serikali imemwona mwanamume huyo. Baraza letu halikumwona, ijapokuwa aliketi hatua kumi kutoka madhabahuni.

Haya, na tuje kwenye lile agizo dogo tulilosema. Binti akasimama, akatembea, watu wakashangaa mno. Bwana akawakataza wasiitangaze habari hiyo, kisha akaamuru binti apewe chakula. Hapo ndipo hadithi yakoma. Wafafanuzi wengine husema aliagiza hivyo ili ijulikane kwamba amefufuka kweli, si kivuli. Yawezekana. Lakini sisi twaona pia jambo jingine. Katika sura ifuatayo Bwana yule yule aliwalisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili. Je, alishindwa kumpa mtoto mmoja mkate? Hakushindwa. Kumwinua binti kutoka katika mauti hakuna awezaye ila yeye, naye alifanya. Chakula kilikuwamo jikoni, na wenye jiko walikuwapo. Kwa hiyo kazi ya chakula akawaachia wao.

Tangazo la mwaka 2021 limewaambia binti zetu wainuke. Basi chakula kiko wapi? Tangu Januari 2016 ada ya shule za serikali imeondolewa mpaka kidato cha nne, na kwa hiyo wako wazazi wasemao kwamba hawadaiwi kitu tena. Ingieni katika nyumba moja mhesabu. Kuna sare, na viatu, na madaftari, na chakula cha mchana shuleni. Kuna vitambaa vya siku zake za mwezi, ambavyo baba huona haya kuvitaja, na kwa kukosa hivyo binti hukaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi, halafu twashangaa hesabu zimempita. Kuna taa ya kusomea jioni. Kuna ule muda wa jioni wenyewe, ambao kaka yake ameketi na kitabu na yeye yuko njiani na ndoo. Kwa aliyezaa kuna zaidi: nani ashike mtoto tangu asubuhi hadi saa kumi, na nani asimame naye siku ya kwanza anapoingia darasani na wenzake wanapogeuka kumtazama. Hakuna hata moja katika hayo lisilowezekana katika usharika wenye watu mia mbili. Tumewaona katika mnada baada ya ibada wakinunua jogoo mmoja na kumrudisha, mpaka auzwe mara tatu, na fedha zote zikawa bati. Jogoo huyo aweza kuwa viatu vya binti vilevile.

Tusiwasahau na mama zao. Bwana alipokuwa akienda kwa mtoto, alisimama njiani kwa ajili ya mwanamke aliyeugua miaka 12, yaani miaka yote ambayo binti Yairo alikuwa akikua, wala hakusema kwamba ana haraka ya kwenda kwa mdogo. Katika watu wazima wa dunia hii wasiojua kusoma, karibu theluthi mbili ni wanawake. Wengi wao tunao katika Umoja wa Wanawake. Hushika kitabu cha nyimbo na kuimba kwa moyo, na ukichungulia, pengine kimegeuzwa juu chini. Mwinjilisti mwenye jioni mbili kwa juma na ubao aweza kuanza nao.

Lakini twendelee na habari ya yule binti, maana hatujaimaliza. Mtoto wake alizaliwa mwaka 2020. Tangazo la Serikali lilipotoka, baba yake alisema amekwisha kupata hasara ya kutosha. Mchungaji aliyekuwapo alisema yatatazamwa. Nasi, ndugu, tulisema hivyo hivyo. Aliyekwenda kumwombea ni bibi yake, mjane, ambaye hajui kusoma hata jina lake. Mwezi wa Januari 2022 alimfunga kitukuu mgongoni, akaenda kwa miguu mpaka shuleni, akangoja mlangoni pa mkuu wa shule tangu asubuhi. Alipoingia alipiga magoti, na mkuu wa shule, aliye kijana kuliko wanawe, akaona haya, akamwinua. Binti akapokewa tena katika kidato cha pili.

Wanawake wawili wa Umoja, waliposikia, wakanunua sare. Wa tatu akawa anamshika mtoto siku za soko, bibi apate kuuza ndizi zake. Hawakuagizwa na baraza. Baraza lilikuwa halijakutana.

Mwaka 2024 alimaliza kidato cha nne. Kabla ya mitihani aliomba kurudishwa kundini, akaandika barua kwa mkono wake mwenyewe, mistari minane bila kosa hata moja, nasi tuliisoma. Jumapili moja jina lake likasomwa tena mbele ya usharika, akasimama mbele peke yake, usharika ukamwombea. Bibi alikuwa benchi la nyuma na mtoto. Nyuma ya binti, katika safu ya mwisho ya kwaya, alisimama yule kijana, ambaye sasa ameoa. Huimba besi, na sauti yake ni nzuri. Jina lake halijasomwa hata leo. Baraza lakutana Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na safari hii tumeomba liandikwe katika ajenda.